Salfa

Leo nimemsindikiza dada kliniki ya macho. Kwenye dirisha la dawa wakamwuliza kama ana mzio wa dawa yoyote, na swali halijaisha akajibu: “Salfa.” Hulitaja kama mtu anayemtaja mdai wake.

Mwaka 2002 tuliugua malaria pamoja. Klorokwini ilikuwa imeondolewa mwaka mmoja nyuma, dawa ikawa SP, yenye salfa ndani: vidonge vitatu kwa mpigo, basi. Tulimeza za pakiti moja, kikombe kimoja cha maji. Mimi nikapona, nikarudi shule. Yeye siku ya kumi aliamka na homa, macho mekundu, midomo imepasuka. Tukadhani malaria imerudi. Usiku mama alipomvua kanga, ngozi ya mgongo ikaja nayo, laini kama utando wa maziwa.

Majirani wakasema kazidisha dozi, karogwa, kauziwa dawa bandia. Hiyo ya bandia niliiamini miaka mingi, japo pakiti ilikuwa ileile iliyoniponya mimi.

Hospitali waliita Stevens-Johnson, majina ya madaktari wawili wa Marekani walioueleza ugonjwa huu mwaka 1922. Dozi haikuwa na kosa. Ni kinga ya mwili iliyoigeukia ngozi, ikaanza kuua seli zake kana kwamba zina adui ndani. Kwa nini yeye na si mimi, tumbo moja? Ini la mtu mmoja huvunja salfa haraka, la mwingine polepole, na mabaki makali hubaki yakizunguka. Halafu kuna alama tunazorithi kwenye seli, HLA; mwaka 2004 watafiti wa Taiwan walionyesha kwamba alama moja tu iliwaponza Wachina waliotumia kabamazepini, dawa ya kifafa. Ndugu hurithi kwa kuchanganya, kama karata. Na SP ukishaimeza umeimeza. Hukaa kwenye damu kwa wiki kadhaa.

Ngozi ilirudi, yenye mabaka. Macho ndiyo hayakurudi sawa: makavu, kope zinaota kwa ndani, ndiyo maana ya matone na hizi safari.

Jioni nimemkuta na kadi ya kliniki ya mwanawe, ameandika juu kabisa kwa kalamu nyekundu: SALFA HAPANA. Mtoto hajawahi kupewa hata Septrin, nayo ina salfa. Nikamwuliza kama daktari ndiye aliyemwambia aandike.

“Nimejiambia mwenyewe,” akasema, akainamisha kichwa nyuma nimtie matone.