Vifungo vya shati la shule

Mwanangu alitimiza miaka 7 hajui kufunga vifungo. Bibi yake, hapa Mikindani, akasema mtoto mzembe. Si uzembe: akili inajua, vidole havitii.

Mwezi mzima nilimpa kokwa za ukwaju azitumbukize kwenye chupa, vidole vipate mazoezi. (Korosho ghafi sikuthubutu, mafuta ya ganda lake huunguza ngozi.) Akawa fundi wa kokwa, vifungo vikabaki vilevile. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, anayesaidia watu kumudu shughuli za kila siku, akatabasamu: “Mama, anayeshindwa vifungo afundishwe vifungo.”

Akanionyesha kuanzia mwisho. Mimi nasukuma kifungo hadi nusu yake ipite tunduni, yeye anamalizia kukivuta tu. Akizoea, narudi hatua moja nyuma, namwachia na hiyo. Tulianza shati likiwa mapajani, kisha mwilini, kwa kifungo cha chini anachokiona. Nikashonea vifungo vikubwa zaidi, na matundu nikayapanua kidogo na kuyazungushia uzi upya.

Wiki ya tano alifunga vinne peke yake, uji ukipoa mezani. Cha shingoni bado namfungia mimi, maana hakioni.