Kitufe cha maharage hakijui umenunua maharage gani

Presha kuka nyingi za umeme zinazouzwa madukani zina kitufe cha maharage. Ukikibonyeza, jiko linajipangia dakika 30, 35 au 40, kutegemea kiwanda kilichoitengeneza. Hizo dakika ni za kukisia. Aliyezipanga hakujua kama umeloweka, hakujua kama maharage yamevunwa juzi au yamelala stoo tangu mwaka jana, wala hakujua kwamba unapikia Mwanza, mita zaidi ya 1,130 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana kwa kitufe kilekile huyu anapakua uji na jirani yake anapakua maharage yanayogoma kwenye meno. Mimi ningekiacha kabisa. Karibu kila jiko lina sehemu ya kupanga dakika mwenyewe, na dakika zenyewe zitoke kwenye punje ulizonunua.

Mengi ya maharage yanayouzwa Mwanza hutoka Kagera na Kigoma. Kagera huvuna mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa mwaka kuelekea Januari na tena kati ya Mei na Juni, kwa hiyo ukinunua Aprili au Novemba, jua kwamba unachouziwa kimeshakaa. Muuzaji ukimuuliza atakwambia ni mapya. Hilo ni jibu la sokoni tu. Tazama mwenyewe. Maharage mapya yanang'aa, ngozi imebana. Yaliyokaa hupoteza mng'ao, na yenye rangi nyepesi huelekea kahawia. Ukiona kwenye sado moja kuna punje angavu na punje zilizofifia za aina ileile, yamechanganywa mavuno mawili, na hapo hakuna dakika zitakazoyafaa yote. Utapika kwa hesabu ya yale ya zamani na kukubali kwamba mapya yatapasuka.

Kuna ugumu wa aina mbili, na watu wengi huutibu kwa dawa moja. Wa kwanza ni punje isiyonywa maji: umeloweka usiku kucha, asubuhi wenzake wamevimba, yenyewe iko vilevile kama kokoto. Hiyo ngozi yake imekauka mno na imejifunga. Tiba yake ni maji ya moto wakati wa kuloweka, au kuiondoa tu. Wa pili ndio unaosumbua zaidi: punje imevimba vizuri, inaonekana tayari, lakini saa nzima jikoni bado ina kiini kigumu. Hiyo ni ya maharage yaliyohifadhiwa kwenye joto na unyevu. Ndani ya punje, madini ya kalisiamu na magnesiamu yamejishika na gundi ya asili inayounganisha seli, na gundi hiyo sasa haiyeyuki kirahisi. Kuongeza maji hakusaidii. Kinachosaidia ni dakika zaidi, na kitu chenye sodiamu kwenye maji ya kulowekea.

Ndiyo, chumvi. Najua tumefundishwa kwamba chumvi hukaza maharage, ila kwenye kuloweka mambo ni kinyume: sodiamu huchukua nafasi ya sehemu ya kalisiamu kwenye ngozi, na ngozi inalainika badala ya kupasuka. Kijiko kimoja cha chakula kwenye lita mbili za maji kinatosha nusu kilo. Asubuhi mwaga maji hayo na suuza. Magadi ni hatua ya mwisho, kwa maharage yaliyoshindikana: robo kijiko cha chai kwa nusu kilo, si zaidi. Ukizidisha, maharage hulainika nje na kuwa rojo, mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni, povu linaongezeka hadi linatishia kuziba vali ya mvuke kwenye mfuniko, na vitamini B1 inapotea. Maharage mapya hayahitaji magadi hata kidogo, na kuyatia kwa mazoea ni kuyaharibu.

Maji nayo yana mchango. Maji ya bomba ya jijini yanatoka ziwani, na maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana kalisiamu nyingi. Hapo tuna bahati. Anayetumia kisima anaweza kuwa na hadithi nyingine: kama birika lake linajenga ukoko mweupe na sabuni inakataa kutoa povu, maji hayo ni magumu na yatakaza maharage. Loweka na pika kwa maji ya mvua au ya bomba, kisha utaona tofauti kwa maharage yaleyale.

Sasa vipimo, kwa jiko la lita 6, ambalo ndilo la kawaida. Chukua nusu kilo. Chambua, maana kokoto moja inakwangua sufuria ya ndani na kuharibu ule utando wake. Osha, loweka saa 8 hadi 12 kwenye maji yenye chumvi. Mwaga maji, suuza, weka kwenye sufuria ya ndani na ongeza maji safi lita moja na robo, au mpaka yafunike maharage kwa kina cha vidole viwili. Tia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta. Mafuta hayo si ya ladha. Yanapunguza povu, na povu ndilo adui wa vali. Kwa maharage usivuke nusu ya sufuria, hata kama kuna mstari wa juu zaidi ulioandikwa kiwango cha mwisho. Ule ni wa vyakula visivyovimba wala kutoa povu. Kwa jiko la lita 6 maana yake ni robo tatu kilo ya maharage makavu, basi. Kilo nzima ipike mara mbili.

Usitie nyanya, limau wala ukwaju katika hatua hii. Uchachu wa tindikali huishika ile gundi niliyoitaja, na maharage yatachelewa. Kitunguu kibichi na jani la bay (bay leaf) hayana shida.

Kabla ya kufunga, pitisha kidole kwenye mpira wa mfuniko kuhakikisha umekaa kwenye reli yake pande zote. Geuza vali ya mvuke iwe upande wa kufunga. Kisha panga dakika. Kwa maharage ya njano yaliyolowekwa, mapya, dakika 15. Mekundu na yale ya madoadoa makubwa, 20. Kama unashuku ni ya zamani, 30. Usipoloweka kabisa, ongeza maji yafike lita moja na robo tatu na upange 40 hadi 45. Ya zamani yasiyolowekwa yanaweza kutaka 55. Choroko hazihitaji kulowekwa, dakika 10 zinatosha. Kunde kavu 15. Dengu za Kwimba na Misungwi ziloweke na uzipe 20. Njugu mawe ni kundi lake peke yake: hata zikilowekwa usiku kucha, usizipe chini ya 45.

Dakika hizo nimeziongeza kidogo kwa ajili ya mwinuko, karibu sehemu moja ya kumi. Sababu ni hii. Majiko mengi ya aina hii hufanya kazi kwa presha ya kilopaskali 70 juu ya presha ya hewa iliyopo. Dar es Salaam, hiyo inatoa joto la nyuzi 115 hivi. Kando ya ziwa hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo ndani ya jiko unapata nyuzi kama 113. Tofauti ni ndogo. Tofauti kubwa iko kwenye sufuria ya kawaida, ambayo huku kwetu huchemka kwenye nyuzi 96 tu, na ndiyo maana maharage ya mkaa Mwanza yanachukua muda mrefu kuliko yanavyochukua pwani. Mtu wa hapa anafaidika na presha kuliko mtu wa Tanga.

Jambo ambalo matangazo ya majiko haya hayasemi: zile dakika 20 zinaanza kuhesabiwa baada ya presha kujaa na kipini kidogo cha mfuniko kupanda. Kabla ya hapo kuna dakika 12 hadi 18 za kupasha, na baada ya hapo kuna dakika 15 hadi 20 za kuacha presha ishuke yenyewe. Jumla ni kama saa moja kasoro. Bado ni nusu au chini ya nusu ya muda wa sufuria, na hukai kuongeza maji wala kuchochea moto. Umeme unaokwenda kwa nusu kilo iliyolowekwa, kwa jiko la wati 1,000, ni kati ya uniti 0.3 na 0.4. Zidisha na bei ya uniti kwenye risiti yako ya LUKU, kisha linganisha na kopo la mkaa.

Jioni umeme unapokuwa mdogo, jiko halijaharibika likichelewa. Volti zikishuka hadi 180, nguvu ya kupasha inabaki kama asilimia 60, na zile dakika 15 za kupasha zinakuwa 25. Maharage hayadhuriki, kwa kuwa hesabu haianzi mpaka presha ijae. Ila usichomeke kwenye ekstensheni nyembamba. Jiko la wati 1,000 linavuta zaidi ya ampea 4, na waya mwembamba unaopata moto ni hatari kuliko presha yenyewe.

Na umeme ukikatika? Inategemea ulikatika wapi. Kama kipini kilikuwa kimeshapanda na dakika zimeenda nusu, usiguse vali. Jiko limefunikwa vizuri, joto linabaki, na maharage yanaendelea kuiva kwa dakika kadhaa. Presha ikishuka yenyewe, fungua uonje. Umeme ukirudi, panga dakika zilizobaki na uongeze tano. Majiko mengi hayakumbuki yalipoishia, kwa hiyo usikae ukisubiri liendelee lenyewe. Kama umeme ulikatika kabla kipini hakijapanda, hali ni tofauti. Hapo una maharage mabichi kwenye maji ya uvuguvugu. Umeme ukirudi ndani ya saa moja, anza upya kwa dakika zote. Yakikaa vuguvugu saa tatu au nne, yamwage.

Hili la uvuguvugu si woga wa bure. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko kamili wa angalau dakika 10, lakini haivunjwi na joto la nyuzi 75 au 80. Ukiila unatapika na kuharisha ndani ya saa chache. Kwa presha sumu hiyo inakwisha kabisa. Kwa hiyo usipike maharage makavu kwenye ile programu ya kupika polepole ambayo baadhi ya majiko yanayo, na usitegemee kitufe cha kutunza joto kumalizia maharage yaliyobaki magumu. Yarudishe kwenye presha.

Muda ukiisha, acha. Kufungulia mvuke kwa haraka kunafaa kwa mboga. Kwa maharage, mchuzi unachemka ghafla ndani, ngozi zinapasuka, na povu zito linatoka kwenye vali na kuganda mle. Ngoja kipini kishuke chenyewe. Kama kimegoma baada ya dakika 30, fungulia vali kwa kijiko cha mbao ukiwa umesimama pembeni. Mfuniko usiolegea kwa mkono usiulazimishe kamwe; bado kuna presha, au kipini kimenata kwa uchafu na kinahitaji kuguswa kidogo tu.

Kuonja pia kuna namna. Chukua punje tano kutoka sehemu mbalimbali, usionje moja. Zote zikipondeka kwa ulimi, yameiva. Tatu zikiwa laini na mbili ngumu, rudisha dakika 5 hadi 8.

Ndipo yaungwe, mfuniko ukiwa wazi. Kaanga kitunguu na nyanya pembeni mpaka mafuta yajitenge, mimina kwenye maharage, tia chumvi, acha yachemke dakika 10 ili mchuzi ushike. Karanga zilizosagwa ziingie hapa, na tui pia. Wanaotia karanga mwanzoni kabla ya presha ndio wanaoona jiko likisimama katikati na kuandika kwamba chini kunaungua: karanga huzama, hushika kitako, na kihisi cha joto kilicho katikati ya sahani ya chini kinazima moto. Ikitokea, toa presha, kwangua kitako kwa mwiko, ongeza kikombe cha maji ya moto, endelea.

Mvuke ukitoka pembeni mwa mfuniko na kipini hakipandi, tafuta punje au ganda lililobanwa chini ya mpira kabla ya kulaumu jiko. Mpira wenyewe ukikakamaa au kupata ufa, nunua mwingine wa kipimo kilekile cha jiko lako. Wa lita 5 na wa lita 6 huweza kufanana kwa macho na usikae. Kila baada ya maharage, toa mpira na ile kofia ndogo ya chuma iliyo ndani ya mfuniko chini ya vali, vioshe kwa sabuni, kausha. Mwaga pia maji yaliyokusanyika kwenye kile kikombe kidogo cha nyuma ya jiko, ambacho wengi hawajui kipo mpaka kianze kunuka.