Jinsi Nilivyowafundisha Wasichana wa Malindi Kurusha na Kupiga kwa Kufuata Safari ya Ellyse Perry

Katika timu nyingi za kriketi za shule, msichana mrefu hupewa mpira amrushie mpigaji wa timu pinzani, na mwenye mikono ya nguvu hupewa gongo, yaani kibao cha kupigia mpira, apige, na mgawanyo huo ukishafanywa haubadilishwi tena. Nilipokabidhiwa kazi ya kuanzisha kriketi ya wasichana katika shule ninayofundisha hapa Malindi, niliazimia kwamba kila mmoja wao atajifunza kazi zote mbili. Kielelezo changu kilikuwa Ellyse Perry wa Australia, ambaye nilikuwa nimefuatilia mechi zake kwa miaka mingi.

Perry aliichezea Australia kriketi kwa mara ya kwanza mjini Darwin mwezi Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 16, na haukupita muda akaitwa pia katika timu ya taifa ya kandanda, akafunga bao katika mechi yake ya kwanza dhidi ya Hong Kong. Wengi humsifu kwa michezo hiyo miwili, na kwa bao alilofunga dhidi ya Uswidi katika robo fainali ya Kombe la Dunia la kandanda mwaka 2011. Mimi nilivutiwa zaidi na jambo lisilosemwa sana, nalo ni kwamba katika kriketi alianza akiwa mrushaji. Miaka ile ya mwanzo alikuwa akipiga karibu na mwisho wa orodha, na ndiye aliyekabidhiwa mpira wa mwisho wa fainali ya Kombe la Dunia la T20, yaani kriketi fupi ambamo kila timu hurushiwa mipira 120 tu, huko Barbados mwaka 2010, pale Sophie Devine wa New Zealand alipoupiga kwa nguvu ukamrudia Perry, naye akauzuia kwa mguu, na Australia ikashinda kwa mikimbio 3, yaani alama 3. Upigaji wake ulikua taratibu juu ya msingi huo hadi Novemba 2017, alipofunga mikimbio 213 bila kutolewa katika mechi ya Testi, yaani kriketi ndefu ya siku kadhaa, dhidi ya Uingereza kwenye uwanja wa North Sydney Oval. Hapo ilikuwa imeshapita miaka 10 tangu Darwin.

Mpangilio huo ndio nilioufuata. Kurusha kulitangulia, na kulifaa kutangulia kwa sababu kunahitaji mpira tu, wakati gongo tulikuwa nalo moja. Mipira yetu ilikuwa ya tenisi tuliyoizungushia selotepu, kwani mpira mgumu wa ngozi ni hatari kwa mtoto asiyekuwa na pedi wala glavu. Uwanja wa shule una kokoto, kwa hiyo kila Jumamosi iliyoangukia siku za bamvua, ambapo maji hujaa na kupwa zaidi ya kawaida, tulishuka ufuoni mnamo saa nne asubuhi, wakati bahari imekupwa kabisa na mchanga umebaki mpana, mgumu na wenye unyevu. Sikuwahi kupata ubao wa kufundishia ulio bora kuliko mchanga ule, kwa maana kila mpira ulipodunda uliacha alama, na mrushaji aliweza kuona kwa macho yake kama mipira yake inaangukia mahali pamoja au imetawanyika. Niliwachorea mstatili mbele ya mpigaji, nikawaambia kwamba alama zao zote zinapaswa kukaa ndani yake kabla hatujazungumzia mbio za kabla ya kurusha wala kasi ya mpira. Kwa kuwa wengi walikuwa wachezaji wa kandanda, miguu yao ilikuwa tayari, na kazi kubwa ilikuwa kuuzoesha mkono kuzunguka bila kukunjuka kiwiko wakati wa kurusha.

Wazazi walikuwa na maswali ya haki. Mama mmoja wa Muyeye aliniuliza, "Mwalimu, mwanangu atavaa nini mbele za watu?" Nilimweleza kwamba vazi la kawaida la kriketi ni suruali ndefu na shati, na kwamba hijabu haizuii lolote katika kurusha au kupiga, akaridhika. Wengine walitaka kujua kama wasichana wa Afrika wanaucheza kweli mchezo huu, nami nikawasimulia habari za vijana wa Rwanda walioshiriki Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 19 huko Afrika Kusini Januari 2023, ambako Henriette Ishimwe aliwatoa wapigaji wanne wa Zimbabwe kwa mipira minne mfululizo. Habari hiyo iliwagusa kuliko hoja zangu zote.

Upigaji tuliuanza baadaye, warushaji walipokuwa wameshatulia. Fundi seremala alituchongea magongo ya mbao ya mwembe, mazito kidogo lakini imara, na wavuvi wakatupa nyavu kuukuu tulizozitundika kwenye nguzo za mvinje ili mipira isipotee. Hapo niligundua faida ambayo sikuitarajia: msichana aliyejifunza kurusha kwanza huusoma mpira mapema anapopiga, kwa sababu anajua mkono wa mwenzake unakusudia nini. Niliwaonyesha video za Julai 2019, mwezi ambao Perry aliwatoa wapigaji 7 wa Uingereza huku akiruhusu mikimbio 22 tu huko Canterbury, kisha akapiga mikimbio 116 katika Testi ya Taunton.

Jambo nililolisimamia kwa ukali ni mapumziko. Kurusha kwa kasi huumiza mgongo na misuli ya paja, na Perry mwenyewe aliikosa fainali ya T20 ya Machi 2020 mjini Melbourne, iliyohudhuriwa na watu 86,174, kwa sababu ya jeraha la paja. Mwaka 2022 mgongo ulimsumbua katika Kombe la Dunia, lakini alicheza fainali ya Christchurch akiwa mpigaji tu, na Australia ikatwaa kombe. Kisa hicho ndicho ninachokitumia kila msichana anapotaka kuacha moja ya kazi hizi mbili, kwa kuwa mrushaji mtupu mwenye mgongo unaouma angeitazama fainali ile kutoka benchi. Yeyote kati ya wasichana wangu anayelalamika maumivu ya kiuno hanyang'anywi nafasi yake, bali huwekwa mpira kando na kukabidhiwa gongo hadi apone.

Wale walioanza nami sasa wanapiga katika nafasi za juu za orodha na bado ndio wanaoanza kurusha mechi inapoanza. Mwaka huu nimewapa jukumu la kuwachorea kidato cha kwanza mistatili mchangani, huku wenyewe wakijiandaa kwa mpira wa ngozi, ambao hatutaugusa kabla ya kupata pedi, glavu na kofia ngumu za kuwatosha wapigaji wote.