Nadhiri ya Yeftha na Malaika Asiyekuwamo

Wapendwa katika Bwana, somo letu la juma hili ni Waamuzi 11:29-40, habari ya Yeftha, aliyewaongoza Waisraeli vitani, na binti yake, ambayo wahubiri wengi, nami nikiwamo, huiruka haraka ili tumfikie Samsoni. Nimerudishwa humo na oratorio ya Handel, yaani hadithi ya Biblia iliyotungwa kuwa muziki wa kuimbwa, iitwayo Jephtha, niliyoisikiliza ikiimbwa bila maigizo, waimbaji wakiwa wamesimama mbele ya okestra na vitabu vya nota mikononi, na kwaya nyuma yao. Handel ni yuleyule wa ile Haleluya ambayo kwaya zetu huihangaikia kila Krismasi na Pasaka.

Binti wa Yeftha anapotoka kumlaki baba yake kwa matari na kucheza, hapo jukwaani hakuna anayecheza. Dada aliyeimba sehemu ya binti aligeuza ukurasa, akaimba kwa furaha, na mwimbaji wa Yeftha, hatua mbili tu kando yake, hakuinua macho kutoka kitabuni. Katika andiko, Yeftha alikuwa ameahidi kwamba chochote kitakachotoka mlangoni mwake kumlaki, akirudi kwa amani kutoka kwa wana wa Amoni, atakitoa kiwe sadaka ya kuteketezwa. Tuusome vizuri mstari wa 29: Roho ya Bwana ilikuwa imekwisha kumjia kabla hajaweka nadhiri hiyo. Hakuna aliyemdai kitu. Alipandisha dau katika jambo ambalo Mungu alikuwa amelianza mwenyewe, na ninaogopa kuhesabu maombi yangu ambayo yana sura hiyohiyo.

Sehemu ya pili ya oratorio hiyo inaishia kwa kwaya kuimba jinsi maamuzi ya Bwana yalivyo giza, yamefichika machoni pa wanadamu. Akiwa katika wimbo huo, tarehe 13 Februari 1751, Handel aliandika kwa Kijerumani kwenye karatasi ya nota kwamba imembidi aache, kwa kuwa jicho lake la kushoto limedhoofika. Alirudi kazini siku kumi baadaye, siku aliyotimiza miaka 66, akakwama tena, akamaliza mwishoni mwa Agosti. Mtunzi wa maneno, kasisi Thomas Morell, alikuwa ameandika kwamba aliloagiza Mungu ni haki. Handel akabadilisha ikawa kwamba lolote lililopo ni haki. Kwaya hulitamka neno hilo kwa vipande vifupi, na baada ya kipande kuna kimya. Nilipolisikia sikuweza kujua kama ni imani inayosema au ni mtu aliyechoka kuuliza, na sidhani kwamba tunapaswa kuharakisha kuchagua.

Kisha katika sehemu ya tatu Morell anamleta malaika: binti asiuawe, bali awekwe wakfu kwa Mungu na abaki bikira. Ukumbini watu walishusha pumzi. Mimi, kusema kweli, nilihisi nimenyang'anywa kitu, kwa sababu malaika aliyeuzuia mkono wa Ibrahimu katika Mwanzo 22 haonekani katika Waamuzi 11. Andiko linasema tu kwamba baba alimtenda sawasawa na nadhiri yake.

Morell alimpa binti huyo jina, Iphis. Maandiko hayakumpa jina. Yalimpa miezi miwili ya kulia milimani pamoja na wenzake, na siku nne kila mwaka ambazo binti za Israeli walikwenda kumwombolezea.