Kitufe cha kijani

Siku moja mama alimeza dawa ya presha mara mbili, asubuhi nilimpa mimi, nusu saa baadaye dada akampa tena maana hakujua. Hakudhurika lakini tulikaa tunamwangalia mpaka jioni. Tulikuwa na karatasi kwenye friji ya kuweka tiki na kalamu imefungwa kwa uzi, sema siku hiyo wino ulikuwa umeisha nikajisemea ntatiki baadae. Ndo apu yetu ilipoanzia, ukishampa mgonjwa dawa unabonyeza na wenzako wote wanaona, basi.

Mwaka wa pili tukapata mwekezaji, jamaa mzuri tu sina ugomvi naye, ila kila kikao ni watu wangapi wamepakua, tukaanza kurundika vitu, duka la vitamini, matangazo, pointi, ilimradi namba zipande. Na zilipanda kweli! Mi sasa nikawa naamka sitaki hata kuigusa kompyuta, nikadhani nimechoka, nikachukua likizo, nikarudi vilevile.

Kilichonizindua ni simu. Wiki ile hatukuwa na mtu wa huduma kwa wateja nikapokea mwenyewe, mzee mmoja anamuuguza mkewe, analalamika kitufe kimefichwa chini ya tangazo la vitamini. "Mwanangu, jana sikukiona, nimerudia karatasi yangu." Karatasi! Nilikosa la kusema.

Nikamkumbuka Yvon Chouinard, yule Mmarekani mpanda miamba aliyekuja kuanzisha kampuni ya nguo ya Patagonia, mwaka 1957 alianza kufua mwenyewe vyuma vya kupandia miamba, halafu 1972 akaanza kuachana navyo kwa sababu vilikuwa vinaharibu miamba yenyewe, na ndo bidhaa iliyokuwa inambeba. Aliona kwa vile alikuwa bado anapanda. Mi mama alishafariki, na apu yangu sikuwa nimeitumia zaidi ya mwaka.

Tukatoa duka na matangazo, mapato yakashuka karibu nusu, mwekezaji tulibishana naye wiki tatu akakubali shingo upande. Siku hizi kila Jumatatu simu za wateja napokea mimi, wengine wakali balaa. Na mtu asinishauri niandike dira na dhamira ukutani, zilikuwepo muda wote ule, tena kwenye fremu.

Kitufe sasa kiko juu kabisa, kikubwa, kijani. Yule mzee nilimpigia kumwambia, akanijibu keshakiona.