Usiku wa Kuijaribu Kamera Ukumbini

Kamera ile niliiazima kwa usiku mmoja kabla ya kukata shauri la kuinunua, na rafiki yangu anayefundisha kucheza akaniruhusu kukaa pembeni ya ukumbi wakati wanafunzi wake wakifanya mazoezi. Taa zilikuwa za mirija, na nusu yake zilikuwa zimezimwa.

Nilianza na lenzi iliyokuja na kamera, ambayo tundu lake la kupitishia mwanga halikufunguka kupita f/3.5 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi). Kwa ISO 1600, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, nilipata kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) ya 1/60 ya sekunde, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma sifa nyingi za kidhibiti mtikisiko chake, nilipiga picha kama 30 bila wasiwasi. Nilipozikuza kwenye kioo cha nyuma nilicheka peke yangu: matofali ya ukuta yalihesabika moja moja, ilhali wachezaji walikuwa vivuli visivyo na mikono. Kidhibiti kile hutuliza mkono wa mpiga picha. Mguu wa anayecheza hakiuwezi.

Nikapandisha kasi hadi 1/250, ISO ikalazimika kufika 6400. Chengachenga, yaani vidoa vidogo vya picha iliyokosa mwanga, zikajaa penye giza na rangi ya ngozi ikapauka, lakini nyuso zilitambulika, nami mpaka leo naona heri picha yenye chengachenga kuliko iliyotikisika.

Ndipo nikafunga lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, niliyoiazima pamoja na kamera. Kwa kasi ileile ISO ilishuka tena hadi 1600, ingawa fokasi, yaani kina cha sehemu inayotoka safi, ilikuwa finyu kiasi kwamba ncha ya pua ya msichana mmoja ilitoka safi na masikio yake yakawa ukungu. Jambo jingine lililonisumbua ni kwamba fremu zilizofuatana zilibadilika rangi, moja ya manjano, nyingine ya kawaida. Taa za mirija hupepesa mara 100 kwa sekunde penye umeme wa hezi 50, na shata ya haraka hunasa kipande tu cha mpepeso huo.

Picha nzuri kuliko zote niliipata kwa 1/125, kijana mmoja alipofika kilele cha mruko, pale mwili unapokaribia kusimama hewani kabla ya kuanza kushuka. Asubuhi niliirudisha kamera bila kuinunua, nikauliza bei ya lenzi.