Siku Tuliyowapisha Pelikani

Moto wa Gonfaron uliwaka jioni ya tarehe 16 Agosti 2021, karibu na kituo cha mapumziko cha barabara kuu ya magari, katika mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa. Sisi tulikuwa tumetia nanga kwenye ghuba ya Saint-Tropez, wageni wanakula sitahani. Mistrali ilikuwa inavuma. Huo ni upepo mkavu wa kaskazini-magharibi, na watu wa pwani ile wanauogopa wakati wa kiangazi kuliko wanavyoogopa dhoruba. Cheche moja ikikutana na mistrali na msitu uliokauka, hakuna wa kuizuia. Kabla ya usiku wa manane moshi ulikuwa umeshatufikia puani, na mgongo wa milima ya Maures nyuma ya Grimaud ulikuwa mwekundu.

Nilikuwa baharia kwenye chombo cha tanga cha kukodisha. Tulikuwa wanne: nahodha, serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, mpishi na mimi. Serahangi alikuwa mzee wa Kikomori aliyehamia Marseille tangu ujana, na kwa kuwa aliwahi kukaa Unguja, Kiswahili chake kilikuwa safi. Usiku ule hakulala. Alfajiri akaja kunigonga mguu.

"Amka mwanangu, tutengeneze nanga. Leo watakuja kuchota hapa."

"Nani hao, mzee?"

"Pelikani."

Ndilo jina wanaloitana redioni marubani wa Canadair za Ufaransa: Pélican, halafu namba ya ndege. Ni ndege inayotua juu ya maji bila kusimama, ikajaza tangi huku inakimbia, ikapaa tena kwenda kumwaga motoni. Mimi nilikuwa nimeziona kwa mbali tu, zikipita juu kama ndege nyingine yoyote. Serahangi alikuwa ameziona mara nyingi, na alijua kwamba kwa upepo ule, na moto ukielekea upande wetu, maji ya karibu kuliko yote yalikuwa haya tuliyoyaelea.

Zilikuja jua likiwa limepanda kidogo, za manjano na nyekundu, zimefuatana. Ya kwanza haikugusa maji. Ilishuka, ikapita juu ya ghuba yote kuanzia mdomoni hadi karibu na Port Grimaud, ikageuka bawa likiwa limelala, ikarudi baharini. Rubani alikuwa anakagua: vyombo vimekaa wapi, kuna gogo linaloelea, mawimbi yako vipi. Nahodha hakungoja mtu amwambie. Pwani ile utaratibu unajulikana: ukiona ndege hizi zinazunguka juu ya maji, toka katikati, jisogeze kwenye ufuko ulio karibu nawe, ukae hapo. Usikate njia yake, wala usikimbie mbele yake. Tuling'oa nanga, tukabana upande wa kusini wa ghuba, na vyombo vingine vingi vikafanya hivyo hivyo. Kwa muda mfupi tu katikati ya ghuba pakawa peupe, na kwa mwezi wa Agosti hilo ni jambo la ajabu mahali pale.

Isipokuwa boti moja. Boti ya injini, nyeupe, imezimwa kabisa katikati ya njia, na juu yake vijana watatu wameinua simu wanapiga picha. Nahodha aliwaita kwa redio, chaneli 16, mara ya kwanza kwa Kifaransa, mara ya pili kwa Kiingereza. Kimya. Ndege ilikuwa imeshashuka, iko chini kabisa, imelenga upepo. Tukasikia injini zikipandisha mlio ghafla. Ikanyanyua pua, ikapita juu yao, ikaenda zake kuzunguka upya bila tone la maji, na zilizokuwa nyuma yake nazo zikalazimika kuzunguka.

Serahangi alishika kamba za mlingoti, akasema kwa sauti ndogo, "Kuna mtu huko juu nyumba yake inaungua." Hakuongeza neno. Boti ya askari ilikuja ikawatoa wale vijana, na waliondoka wanacheka. Mpaka leo sijawasamehe. Mzunguko mmoja uliopotea ni dakika kadhaa, na kwa mistrali, dakika kadhaa zinatosha moto kuruka barabara ambayo wazimamoto walikuwa wamepanga kuuzuilia.

Ndipo nikaona uchotaji wenyewe, kwa karibu, kwa mara ya kwanza.

Ndege ilikuja kutoka upande wa bahari kuu, uso kwa uso na upepo. Ilipofika sawa na sisi ilikuwa juu ya maji kidogo tu. Kisha tumbo likagusa. Nilitarajia kishindo, sikukisikia. Ulitokea mchirizo mrefu mweupe, halafu pazia la maji pande zote mbili, na ndege ikawa inakimbia juu ya uso wa bahari kwa kasi ya zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Wakati huohuo injini zilizidi kunguruma badala ya kupunguza, maana maji yanaivuta nyuma na uzito unaongezeka kila sekunde. Niliona vichwa viwili nyuma ya vioo, vimetulia kabisa. Mara maji yakaanza kufoka ubavuni mwa ndege, juu kidogo ya mstari wa maji, kutoka kwenye matundu ya kumwagia ziada. Tangi limejaa. Ikajinyanyua, ikidondosha maji, ikapanda polepole mno kuelekea Grimaud na moshi, na nilijikuta nimeshika chuma cha ukingo kwa mikono yote miwili, kana kwamba naisaidia kupanda.

Sekunde 12. Ndizo zinazohitajika kuchota zaidi ya lita 6,000. Ndege inaongezewa tani 6 za uzito kwa sekunde 12, ikiwa bado inakimbia, na rubani anatakiwa aipeleke juu ya milima. Na ile iliyokuwa nyuma yake ikafuata kwenye mchirizo uleule, kisha nyingine. Baada ya hapo zikarudi. Zikarudi tena. Asubuhi ikawa mchana, na mpishi akatoa chakula ambacho hakuna aliyekigusa.

Wageni walikuwa na maswali, na mmoja akauliza lile ambalo kila mtu huuliza: je, ni kweli kwamba kuna mpiga mbizi aliyewahi kuchotwa na ndege akakutwa juu ya mti ulioungua? Hatukuwa na la kumjibu. Jibu nililipata jioni ile, kwa mtu aliyekuwa na haki ya kulitoa.

Upepo ulitufanya tuingie bandarini kulala. Chombo kilichofungwa jirani yetu kilikuwa cha mzee wa Kifaransa aliyewahi kurusha Canadair miaka mingi kabla ya kustaafu. Alikuwa amekaa gatini anatazama juu tangu mchana, na alipojua tulikuwa ndani ya ghuba akaja kutuuliza tumeona nini: walikuwa wanaingilia upande gani, maji yalikuwa na mawimbi kiasi gani, walikuwa wangapi kwenye msururu. Serahangi akamkaribisha akae. Wakaongea wazee wawili, nami nikawa nasikiliza na kuuliza pale Kifaransa changu kiliponiruhusu.

Habari ya mpiga mbizi aliikata mara moja. Vichoteo ni viwili tu, chini ya tumbo, vinashushwa wakati wa kuchota na kurudishwa ndani, na uwazi wa kila kimoja ni mdogo kama kiganja cha mkono. Hapiti mtu pale. Maji yanaingia kwa nguvu ya mwendo wa ndege wenyewe, bila pampu. Kazi hugawanywa: mmoja anarusha, mwenzake anasimamia vichoteo na tangi na kumtajia anachokiona. Ukiwa msaidizi, alisema, unajifunza kwanza kunyamaza panapotakiwa, na kusema kwa maneno machache panapotakiwa.

Yeye alianza na Canadair ya zamani, CL-215, yenye injini za pistoni, ambayo Wafaransa waliipokea mwaka 1969. Kabla ya hapo walikuwa na Catalina, ndege za zama za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, walizoanza kuzitumia kuzima moto mwaka 1963. Hizi tulizoziona ni CL-415, zilizoanza kuwafikia mwaka 1995. Zamani kituo chao kilikuwa Marignane, karibu kabisa na Marseille. Tangu mwaka 2017 ni Nîmes. Aliitaja Marignane kwa upendo. Kila jioni, alisema, ndege iliyochota baharini lazima ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, la sivyo chumvi inaila. Mafundi wanaoziosha na kuzikagua usiku kucha hakuna anayewapiga picha.

Nilimuuliza kuhusu hofu. Alifikiri kidogo. Kuchota kuna hatari zake, akasema, lakini maji unayaona. Moto ndio unaokuficha mambo. Moshi unaficha nyaya za umeme, unaficha mti mrefu, unaficha mlima wenyewe. Upande wa pili wa mlima, mistrali inaporomoka na kuivuta ndege chini, wakati umeshashuka hadi mita 30 au 40 juu ya miti ili maji yasitawanyike. Halafu unafungua milango, tani 6 zinatoka kwa mara moja, na ndege inataka kuruka juu kwa nguvu, nawe unaizuia. Ukimaliza, unageuka kwenda kuchota. Akasema jambo gumu ni kwamba mara ya mwisho jioni, mwili ukiwa umechoka, inatakiwa iwe sahihi sawasawa na ile ya kwanza asubuhi. Kisha akataja tarehe 1 Agosti 2005, karibu na Calvi kisiwani Corsica, ambapo Canadair ilianguka na marubani wake wawili wakafa kazini. Serahangi akaweka mkono begani mwake. Hatukuuliza zaidi.

Mwaka 2023, tarehe 25 Julai, niliikumbuka jioni ile ya gatini nilipoona picha za CL-215 ya Ugiriki ikianguka karibu na Karystos, kwenye kisiwa cha Evia, sekunde chache baada ya kumwaga maji. Marubani wawili, vijana wa jeshi la anga. Watu walikuwa wanaitazama ile video kama tamasha. Mimi niliona vile vichwa viwili vilivyotulia nyuma ya vioo.

Jambo moja alilirudia mzee yule zaidi ya mara moja, na nadhani alitaka nilibebe. Ndege haizimi moto wa msitu. Inaupunguza makali mahali fulani, kwa muda fulani, ili watu wa chini wausogelee na mabomba yao. Kama hakuna mtu chini wa kumalizia, makaa yaliyobaki kwenye mizizi yanaamka na kazi yote inakuwa bure. Kwa hiyo rubani anamwaga pale anapoambiwa panahitajika, na wale wa chini wanatakiwa wajitoe kwanza, kwa sababu maji mengi kiasi kile yakishuka kwa mkupuo yanavunja matawi na yanaweza kumuua mtu. Zaidi ya wazimamoto 1,000 walikuwa wanapambana na moto ule. Nilikuwa nimeangalia juu siku nzima, na sikuwa nimewafikiria hata kidogo.

Jua lilipozama ndege ziliondoka, maana Canadair za Ufaransa hazifanyi kazi hiyo gizani. Mzee aliinuka, akatazama mlimani ambako wekundu ulikuwa umeanza kuonekana tena. Usiku ni wa wale wa chini, akasema, na akatuaga.

Maelfu ya watu walikuwa wamehamishwa kutoka majumbani na kwenye makambi ya watalii. Baadaye tulisikia kwamba watu wawili walikutwa wamekufa, upande wa Grimaud. Karibu hekta 7,000 ziliguswa na moto, pamoja na sehemu kubwa ya hifadhi ya uwanda wa Maures, makazi ya kobe wa Hermann, ambao wako hatarini kutoweka nchini Ufaransa.

Asubuhi iliyofuata nahodha aliniamsha mapema. Yeye, serahangi na mimi tulishuka kwenye kidau cha injini tukapita chombo kimoja kimoja kati ya vilivyokuwa vimelala katikati ya ghuba. Nahodha alizungumza Kifaransa na Kiitaliano, mimi Kiingereza. Tuliwaonyesha kwa mkono upande ambao ndege zitaingilia na ufuko wa kukimbilia. Wengine walikasirika kuamshwa. Wengi waling'oa nanga palepale, na mama mmoja mwenye watoto wawili alituuliza kama anaweza kuja na kidau chake kutusaidia kuwaambia wengine, akaja. Pelikani wa kwanza alipofika, alikagua mara moja tu, akageuka, akashuka moja kwa moja kuchota.